Mtoto kaandika Kiswahili, akapewa kosa: lugha ipi inazungumzwa zaidi katika kila bara?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Pasua, Moshi. Binti yangu yuko darasa la sita. Walipewa zoezi la kutaja lugha inayozungumzwa na watu wengi zaidi katika kila bara. Afrika aliandika Kiswahili, akapewa kosa; jibu ni Kiarabu. Amerika Kusini aliandika Kihispania, kosa. Jibu ni Kireno. Antaktika aliacha wazi, nako kosa. Jumapili tulikuwa tunasahihisha mezani, nikasoma kwamba Afrika ina lugha zaidi ya elfu mbili. Baba mkwe wangu, ambaye ni Mrombo, akasema hao wanahesabu mpaka vilugha, utakuta hata Kichaga wamekihesabu mara tano. Mama yangu ni wa Machame, naye alikuwepo. Akajibu kwamba Kirombo si Kichaga. Basi, chakula kikapoa. Mwalimu, nani yuko sahihi? Na mtoto alikosea wapi?

JIBU

Marahaba, mama. Zoezi la mtoto tutalifikia, lakini acha nianze na chakula kilichopoa. Ugomvi wa mama yako na baba mkwe wako ndio ulioamua lile zoezi, ila hakuna aliyemwambia mtoto.

Zamani kidogo, nikiwa bado nafundisha isimu, yaani elimu ya lugha, niliwakalisha wazee wawili kwenye benchi moja pale Marangu Mtoni. Mmoja wa Machame, mwingine wa Useri kule Rombo. Katikati yao ndoo ya mbege na kata mbili. Mkononi nilikuwa na orodha ya maneno mia moja: jicho, mfupa, moto, mwezi, kunywa, kufa. Ni orodha ambayo watu wa isimu huibeba kila wanakokwenda. Aliyeianzisha ni Mmarekani Morris Swadesh, katikati ya karne iliyopita, na wazo lake ni kwamba maneno ya namna hii hayaazimwi ovyo kama meza, shati au redio. Neno kwa neno wazee wangu walikwenda vizuri. Mmoja akitaja, mwenzake anaitikia kwa kichwa, "hata sisi, ila tunalivuta kidogo." Ungekuwepo ungesema baba mkwe ana haki.

Kisha nikaikunja karatasi, nikamwomba mzee wa Useri atusimulie siku alipokwenda kuposa. Alianza taratibu, akakolea. Yule wa Machame alitabasamu dakika mbili za mwanzo, halafu akaanza kumtazama mwenzake midomo. Ilipofika penye kichekesho, Warombo waliokuwa wametuzunguka waliangua kicheko. Yeye alicheka baadaye, baada ya kijana aliyekuwa akituongezea mbege kumnong'oneza kwa Kiswahili. Nikamuuliza amepata nini. Akasema, "Nimesikia ng'ombe, nimesikia shemeji. Hapo katikati nimeachwa."

Baadaye nilimkalisha mzee huyohuyo wa Machame na mzee wa Poli, Mmeru wa huku kwetu Arusha. (Si Wameru wa Kenya; wale ni watu wengine kabisa, jina tu limegongana.) Hawa wawili hawakuhitaji mtu wa kuwanong'oneza. Kwa kabila, Mmeru hataki kuitwa Mchaga na hakuna atakayemlazimisha. Kwa lugha, Kimeru na Kimashami, yaani lugha ya Machame, ni watoto wa tumbo moja. Ukiangalia jinsi wanaisimu wanavyozipanga lugha za mlima, utakuta kundi la magharibi lina Kimeru, Kisiha, Kimashami na Kikibosho. La kati lina Kiuru, Kimochi cha Old Moshi, Kikilema, Kimarangu na wenzao wa Vunjo. Kirombo kinakaa peke yake mashariki. Na Kigweno kule Upare Kaskazini ni ndugu wa nne aliyehama nyumbani mapema. Ndiyo maana orodha za kimataifa huweka Kimashami, Kivunjo, Kimochi na Kirombo kila kimoja na namba yake. Baba mkwe alisema mara tano kwa kukebehi, lakini hakuwa mbali.

Kwa hiyo kama kipimo ni kuelewana, mama yako kashinda: mtu wa Machame na wa Rombo wakiachwa bila Kiswahili watapata shida. Kama kipimo ni watu kujihesabu kuwa wamoja, kashinda baba mkwe, ila ajue umoja huo una umri mfupi kuliko lugha zenyewe. Kabla ya Wajerumani, mlima ulikuwa na wamangi wengi, yaani machifu, kila mmoja na eneo lake kati ya korongo na korongo, na walipigana. Mangi Mkuu wa Wachaga wote alisimikwa mwaka 1952, naye ni Thomas Marealle. Lugha zilikuwa zimeachana karne nyingi kabla ya hapo.

Sasa geuza. Nenda Kigoma umsikilize Muha akiongea na Mrundi, halafu na Mnyarwanda. Wanaelewana. Lakini orodha inasema Kiha, Kirundi na Kinyarwanda: lugha tatu, kwa sababu kuna mipaka, bendera na vitabu vya shule. Mlimani tuna lugha nne zenye jina moja. Maziwa Makuu kuna kitu kinachokaribia kuwa lugha moja chenye majina matatu.

Ukishaliona hili Kilimanjaro na Kigoma utaliona dunia nzima. Kule China, mtu wa Guangzhou akiongea Kikantoni chake, wa Beijing haambulii kitu. Pengo ni kubwa kuliko la Machame na Rombo. Hata hivyo serikali na wenyewe huita hizo zote Kichina, kwa sababu maandishi ni yaleyale na dola ni moja. India na Pakistan ni kinyume: Kihindi na Kiurdu cha mtaani ni karibu kitu kimoja, lakini kimoja huandikwa kwa herufi za Kidevanagari kikachota maneno ya Kisanskriti, kingine huandikwa kwa herufi za Kiarabu kikachota Kiajemi, na siasa zikamalizia. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 528 wenye Kihindi kama lugha ya mama. Ndani ya hao wamo zaidi ya milioni 50 waliomwambia karani waziwazi kwamba wao wanasema Kibhojpuri. Karani akaandika, wakubwa ofisini wakajumlisha kwenye Kihindi. Baba mkwe wako angefaa sana ofisi ile.

Basi ukisoma kwamba dunia ina lugha zaidi ya 7,000, jua kuna mtu alikaa akaamua kesi kama za mezani kwako mara elfu kadhaa. Namba hiyo si ya uongo. Ni ya maamuzi. Na hata ukibadilisha maamuzi, picha kubwa haibadiliki sana: Asia na Afrika kila moja ina zaidi ya lugha 2,000, visiwa vya Pasifiki vina karibu 1,300, mabara mawili ya Amerika kwa pamoja yana kama 1,000, na Ulaya nzima, yenye watu zaidi ya milioni 700, haifiki 300. Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 inaonyesha nchi yetu peke yake ina lugha zaidi ya 120. Yaani karibu nusu ya Ulaya.

Ukitaka kuona wingi huo kwa macho, panda gari Arusha hadi Karatu, halafu teremka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, siku ya mnada. Mimi huenda kwa kisingizio cha vitunguu. Anayeuza mbuzi ni Mdatoga, na lugha yake ni ndugu wa mbali wa Kimasai na Kijaluo. Anayepima vitunguu kwenye gunia ni Mwiraqw, Mmbulu kama wengi tunavyosema, na lugha yake ukiifuata kaskazini inakupeleka Ethiopia na Somalia. Mwenye genge la chai ni Mnyisanzu, dereva wa fuso ni wa Kibosho. Hao ni Wabantu. Na pembeni, chini ya mti, mara nyingine utamkuta Mhadzabe kaja kuuza asali. Mkaribie. Katika maneno yake utasikia mlio kama ule tunaoutoa tukisonya, na mwingine kama ule wa kumhimiza punda. Kwetu hiyo ni milio tu. Kwake ni konsonanti kama b au k, na ukiikosea umesema neno jingine.

Yaani si suala la lafudhi. Maji, kwa mtu wa Marangu, ni mringa. Kwa Mmasai ni enkare. Kwa Mwiraqw ni ma'ay. Hapo hakuna hata cha kuvutana kidogo. Mwaka 1963 Mmarekani Joseph Greenberg aliziweka lugha za Afrika katika makundi manne makubwa, na watu wakapenda kusema kwamba Tanzania ndiko yote manne yanakokutana. Kundi la nne, lile la lugha za milio ya kusonya, wengi wetu hatulikubali tena. Kihadza hakijaonyeshwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, hata Kisandawe cha kule Kondoa na Chemba chenye milio kama hiyo. Watu wapatao elfu moja, na lugha isiyo na ndugu duniani, mwendo wa siku moja kutoka stendi yako ya Moshi.

Kwa nini huku kwetu kuna msongamano huu na Ulaya hakuna? Watu husema milima na makorongo hutenga watu. Ni kweli kiasi, lakini mlima peke yake hautoshi. Uswisi ina milima pia. Sababu ninayoiamini zaidi ni chakula. Daniel Nettle, Mwingereza, alilinganisha nchi za kitropiki miaka ya 1990 akaona kwamba palipo na majira marefu ya kuotesha chakula, lugha huwa nyingi. Palipo na kiangazi kirefu, huwa chache. Fikiria mlima wako. Mvua za masika na vuli, mifongo, ile mifereji ya wazee, inateremsha maji hadi shambani nyumbani, mgomba unazaa mwaka mzima. Mtu wa Mamba anaweza kuzaliwa, kuoa na kufa bila kumhitaji mtu wa Kibosho. Lugha yake haina sababu ya kufanana na ya jirani. Teremka sasa tambarare. Mmasai mvua ikimkimbia lazima aifuate, na huko aendako lazima awe na mtu wa kumwelewa. Ndiyo maana Kimasai kimetanda kutoka Narok hadi Kiteto kikiwa kimoja, na Waarusha, ambao wameshakuwa wakulima wa migomba kama Wachaga, bado wanasema Kimaa kilekile.

Papua New Guinea ni Kilimanjaro iliyozidishwa. Mvua, milima, viazi na magimbi bila kukatika, watu kama milioni 10, lugha zaidi ya 800. Hakuna nchi nyingine iliyofika hapo. Wakitaka kuelewana hutumia Tok Pisin, lugha iliyozaliwa mashambani na melini kutokana na Kiingereza kilichovunjwavunjwa, kisha ikasimama kwa miguu yake hadi bungeni. Hospitali wanaita haus sik. Ukiitazama vizuri ni "nyumba-mgonjwa".

Sasa zoezi.

Swali la mwalimu lilikuwa na neno moja lisilopimika: "inayozungumzwa". Na nani? Na aliyeinyonya kwa mama, au na kila anayeimudu? Ukichanganya hivi viwili huwezi kusahihisha daftari la mtu. Kiingereza ndicho kinachoongoza dunia kwa watu wanaokimudu, kama bilioni moja na nusu, lakini waliozaliwa nacho hawafiki milioni 400. Kimandarini kina zaidi ya milioni 900 waliozaliwa nacho. Nani wa kwanza? Inategemea umeuliza nini.

Huku kwetu ugumu unazidi, kwa sababu serikali yetu haihesabu. Karani wa sensa ya 2022 alikuuliza choo, paa na mifugo, hakukuuliza kabila. Swali la kabila liliulizwa mara ya mwisho sensa ya 1967. Sababu ya kuliacha naielewa na naiunga mkono. Lakini maana yake ni kwamba binti yako, mtoto wa Mrombo na Mmashami aliyekulia Pasua, ambaye nabahatisha anaota kwa Kiswahili na Kichaga anakijua cha salamu, hayumo kwenye orodha yoyote kama mwenye Kiswahili cha kuzaliwa. Vitabu vingi bado vinamweka upande wa "lugha ya pili", kwa sababu wazazi ni Wachaga. Na watoto kama yeye wamejaa kuanzia Majengo hadi Mwanza.

Kwa Afrika basi. Kwa lugha ya mama, Kiarabu kinaongoza bila ubishi. Misri pekee ina zaidi ya watu milioni 100. Ongeza Sudan, Aljeria, Moroko, Tunisia na Libya, toa Waamazigh, Wanubi na wengine wenye lugha zao, bado hushuki chini ya milioni 150. Kwa wanaoimudu kwa jumla, Kiswahili kinasimama hapohapo kando yake: UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, ilitaja wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Kihausa kinafuata nyuma yao. Kwa hiyo mtoto hakubuni; alijibu swali la pili wakati kitabu kilikuwa na jibu la swali la kwanza.

Na hapa nakurudisha kwenye benchi la Marangu. Mchukue mama wa sokoni Casablanca umkalishe na muuza matunda wa Cairo, kila mmoja aseme cha nyumbani kwake. Huyu wa Casablanca atamwelewa mwenzake kiasi, kwa sababu amekua akitazama filamu za Kimisri. Wa Cairo atatazama midomo. Kinachowaunganisha ni Kiarabu fasaha, cha Kurani, cha magazeti na cha taarifa ya habari, na hicho hakuna mtoto anayezaliwa nacho popote. Kiswahili cha Lubumbashi nacho kina vituko vyake, lakini mkongomani akija kununua mzigo hapa Arusha mnapatana bei bila mkalimani. Kwa hiyo hakimu akiwa baba mkwe wako, Kiarabu ni kimoja na mwalimu wa shule yuko sahihi. Hakimu akiwa mama yako wa Machame, Kiarabu kinavunjika vipande, na kwa kuhesabu wote wanaoimudu lugha, binti yako anapata vema. Mama yako angeshindwa kwenye lugha ya mama tu, maana Kiarabu cha Misri peke yake kina wengi waliozaliwa nacho kuliko Kiswahili. Nadhani utaona kwa nini nilianza na chakula.

Wapo watakaosema umesahau Kiingereza na Kifaransa. Hizo ni lugha rasmi za nchi nyingi, na rasmi ni jambo la tatu kabisa. Hapa Arusha tulikaa miaka ishirini na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ile ya kesi za mauaji ya kimbari. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Shahidi alisema Kinyarwanda, kikageuzwa Kifaransa, na kutoka Kifaransa, kwa miaka ya mwanzo, ndipo kikageuzwa Kiingereza. Watu wenyewe waliotendewa mambo yale lugha yao haikuwa rasmi kwenye kesi yao.

Jambo jingine la kumwambia mtoto, maana hili vitabu hulipita: lugha iliyo kubwa zaidi si lazima iwe ya kabila kubwa zaidi. Kwetu Wasukuma ndio wengi, lakini Kiswahili kilitoka kwa watu wachache wa mwambao. Wakoloni walipokisanifu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, walichukua Kiunguja, nacho hakikuwa cha kabila lolote la bara la kuogopewa. Indonesia ni ndugu yetu katika hili. Ina lugha zaidi ya 700, na Wajava ni karibu watu wanne katika kila kumi. Lakini vijana waliokutana tarehe 28 Oktoba 1928 kuapa nchi moja, taifa moja, lugha moja, hawakuchagua Kijava. Walichagua Kimalei, lugha ya bandarini na sokoni, iliyokuwa ya kuzaliwa kwa wachache, wakaiita Kiindonesia. Kijava kina madaraja ya heshima ambayo mgeni akikosea amemtukana mkubwa. Cha sokoni hakina makuu. Wajava wengine hawakufurahi, lakini haikuleta vita. Pakistan walifanya kinyume, wakalazimisha Kiurdu juu ya Wabengali waliokuwa wengi, na tarehe 21 Februari 1952 polisi wakawapiga risasi wanafunzi Dhaka. Ndiyo Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama unayoisikia kila mwaka.

Amerika Kusini: hapa mwalimu yuko karibu zaidi na ukweli, kwa unywele. Sensa ya Brazil ya 2022 ilipata watu milioni 203, karibu wote Kireno. Nchi tisa zinazotumia Kihispania, kutoka Kolombia hadi Argentina, jumla yake inapita milioni 200 kidogo. Lakini humo mna mamilioni waliozaliwa na Kikechua huko Peru, Bolivia na Ekuado, na Paraguay ambako wengi husema Kiguarani, lugha ya wenyeji iliyo rasmi tangu katiba ya 1992. Kwa hiyo Kireno, kwa tofauti ambayo singempa mtoto kosa. Kama binti yako alikuwa na Amerika ya Kilatini nzima kichwani, Meksiko ikiwemo, Kihispania kingeshinda kwa mbali. Yote hii inatokana na mstari ambao Hispania na Ureno waliuchora kwenye ramani mwaka 1494, pale Tordesillas, kugawana nchi ambazo nyingi walikuwa hawajaziona.

Mengine ni mepesi. Amerika Kaskazini ni Kiingereza, Kihispania kikifuata kwa sababu ya Meksiko, ambako serikali inatambua pia lugha 68 za wenyeji. Asia ni Kimandarini. Ulaya wengi huandika Kiingereza, na kama kipimo ni lugha ya mama ningetoa kosa bila huruma: kwa waliozaliwa nacho ni Kirusi, na ndani ya Umoja wa Ulaya ni Kijerumani. Kiingereza huko ni kama Kiswahili mnadani Mang'ola, cha kukutania. Australia ni Kiingereza, juu ya makaburi ya nyingi kati ya lugha zaidi ya 250 zilizokuwepo Waingereza walipotia nanga mwaka 1788.

Nimetaja makaburi. Baba mkwe wako, akiwa Mrombo, huenda anawakumbuka Wangasa. Walikaa upande wake wa mlima, wakisema lugha iliyokuwa dada wa Kimasai. Kingasa kimekwisha, na hakikumezwa na Kiingereza wala Kiswahili. Kilimezwa na Kirombo, kwa kuoana na kulima pamoja. Hicho anachokiita kilugha, mbele ya Kingasa kilikuwa dubwana. Muulize kama kuna neno lolote analolikumbuka, na kama lipo liandike.

Kuhusu shuleni, usiende na daftari kama ushahidi wa kesi. Mwalimu amesahihisha kwa kitabu alichopewa, na ana watoto wengi darasani. Mwambie binti aandike upya kwa sentensi nzima: "Kwa lugha ya mama, Afrika ni Kiarabu, kwa wanaoimudu kwa jumla, Kiswahili kimo katika nafasi za juu kabisa pamoja nacho." Sentensi hiyo haina pa kupewa kosa.

Antaktika haina wenyeji. Kuna vituo vya utafiti vya Warusi, Waargentina, Wamarekani, Wachina na wengine; watu huja msimu, hupima barafu, huondoka. Hakuna lugha ya kuandika hapo. Ile nafasi aliyoiacha wazi ndiyo pekee ambayo ningeipa vema bila kuuliza kwanza ni kwa kipimo gani.